Mishale miwili juu ya ujumbe

Ujumbe wa WhatsApp ukiingia na mishale miwili juu yake, ujue umeshapokezanwa mara tano au zaidi, na aliyeuanzisha hajulikani tena. Tangu Aprili 2020, ujumbe wa aina hiyo hauendi zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa mkupuo. Kizuizi kinasaidia, ila mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, mishale hupotea na uvumi wa mwaka juzi unaonekana wa leo asubuhi.

Uongo unapoenea, wengi huzilaumu akaunti za roboti, zile zinazoendeshwa na programu. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha uchambuzi wa habari kama 126,000 zilizoenea Twitter kati ya 2006 na 2017. Za kweli zilichukua takriban mara sita ya muda wa zile za uongo kuwafikia watu 1,500, na walioleta tofauti hiyo ni binadamu. Uongo huwa na jambo jipya, la kushtua. Kwenye makundi ya familia kuna uzito mwingine: aliyetuma ni shangazi, na nani atamhoji?

Picha zinazodanganya mara nyingi ni za kweli. Kilichobadilishwa ni maelezo. Mafuriko ya nchi nyingine yanaandikiwa Jangwani au Mathare. Ihifadhi picha, ifungue kwa Google Lens, zana ya Google ya kutafuta kwa picha, utafute ilipoonekana mara ya kwanza. Usiridhike na jibu la juu kabisa. Isipopatikana, kata maandishi yaliyobandikwa juu yake, au igeuze kushoto kuwa kulia, kwani wapo wanaoigeuza makusudi ili isitafutike. Video isimamishe penye kibao cha duka, namba ya gari au sare, upige picha ya skrini, kisha utafute hiyo.

Sauti ndiyo ngumu zaidi. Haina picha ya kutafuta, na kilio cha msemaji kinatushika. Sikiliza kama anataja jina lake, mahali na siku. “Daktari mmoja wa Muhimbili” si jina. Andika dai lenyewe kwa maneno machache, ulitafute kwenye JamiiCheck au PesaCheck, majukwaa ya kuhakiki habari.

Ukithibitisha ni uongo, weka sahihisho palepale kundini, fupi, pamoja na kiungo. Shangazi mfuate pembeni: “Shikamoo shangazi, ile picha ni ya zamani, naomba uifute kwa wote.” Mwambie siku hiyohiyo, zikipita kama siku mbili, simu yake haitampa tena nafasi ya kuifuta kwa wote.