Siku moja kwenye kitalu changu cha haibiskasi, Mikindani

Saa 12 asubuhi niko kitaluni. Ua la haibiskasi aghalabu huishi siku moja tu, kwa hiyo anayetafuta rangi mpya hangoji jua lichomoze ndipo aamke. Kumwagilia, kufagia, kukagua vidung'ata chini ya majani: hayo yanaisha mapema.

Saa 2 naanza kuchavusha. Nachuma ua la baba, la rangi ya machungwa lenye jicho jekundu, napakaza chavua yake kwenye vichwa vitano vidogo vilivyo nchani mwa ua la mama, kisha nafunga kikaratasi: jina la mama kwanza, la baba baadaye. Likishika, tunda hukomaa baada ya miezi miwili mitatu. Joto likizidi hupukutika, ndiyo maana naithamini sana baridi hii ya Julai.

Hapo ndipo akaingia mzee mmoja.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nataka lile la njano lenye ukingo wa zambarau. Miche kumi, Jumamosi nina harusi."

"Mzee wangu, lile lipo shina moja tu."

"Si upande mbegu zake?"

Nikamweleza kwamba mbegu zake ni kama watoto wa tumbo moja, kila mmoja na sura yake. Kulipata lile lile lazima nibebeshe, yaani niunganishe, kijiti chake juu ya haibiskasi nyekundu ya kawaida yenye mizizi imara, kama tunavyobebesha mikorosho huku kwetu. Akasikiliza, akapokea simu, akashikashika majani, akarudi kwenye bei. "Maua tu haya, binti!" Jua linapanda, maua niliyopanga kuchavusha yananingoja, naye anazunguka kitalu kwa mara nyingine. Maneno yale yaliniuma. Mche wa mbegu unaweza kumaliza mwaka na zaidi bila ua, na mingi ikichanua haina jipya, naing'oa.

Mchana ulienda hivyo hivyo, mgongo unauma. Nilikwaruza maganda ya mbegu kwa kikatio cha kucha ili maji yapenye. Zimo za haibiskasi ile yenye petali zilizochanika, mwenyeji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, niliyoichavusha na nyeupe. Natamani rangi hizi za wageni zining'inie kama yeye.

Jioni mzee akapiga simu: yuko tayari kusubiri. Nimemwambia miche miwili ya kubebesha, si kumi, na alipe nusu kwanza.