Kabla ya chaja, tazama transfoma

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Mikocheni aliniita nikamfungie chaja mbili za magari ya umeme katika uwanja wake wa maegesho. Chaja zenyewe alikwisha kuziagiza, kila moja ya kilowati 22, nazo zilikuwa sebuleni ndani ya maboksi yake. "Fundi, hapa kazi iliyobaki ni kuunganisha tu," aliniambia. Nilimwomba kwanza tutoke nje tukatazame nguzo.

Transfoma inayolisha mtaa wake ni ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba), na kibao chake, ingawa kimeliwa na jua na chumvi ya bahari, bado kinasomeka. Kwa umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu, wa volti 400, kVA 100 ni takriban ampea 144 kwa kila njia, na ampea hizo wanagawana majirani wote pamoja na saluni mbili na bucha lenye majokofu yasiyozimwa. Chaja ya kilowati 22 huvuta ampea 32 katika kila njia. Zikifanya kazi mbili kwa wakati mmoja ni ampea 64, yaani karibu nusu ya transfoma nzima kwa ajili ya magari mawili. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza: kwani umeme si upo?

Upo, hilo halina ubishi. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na kutoka Rufiji hadi Chalinze umeme huo husafiri kwa msongo wa kilovolti 400. Lakini gari halichajiwi Chalinze. Huchajiwa mwisho kabisa wa laini, pale ambapo msongo wa kilovolti 33 au 11 umekwisha kushushwa na waya umepita nguzo kadhaa kabla ya kuingia ndani, na hapo ndipo umeme hupungua nguvu kila watu wanaporudi nyumbani. Nilirudi kwa mzee na kipimo changu ili asidhani namtisha: saa nane mchana nilipata volti 231 kati ya njia moja na nyutro, na saa mbili usiku, mahali pale pale, volti 206. Hapo hata chaja moja ilikuwa haijafungwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo muuzaji wake hakumweleza. Gari alilonalo ni Nissan Leaf, na gari hilo, likichajiwa kwa umeme wa kawaida wa nyumbani, hupokea njia moja tu, wala halifiki kilowati 7, hata ukilichomeka kwenye chaja ya 22. Kinachoamua kasi ni kifaa kilichomo ndani ya gari. Kwa hiyo mzigo wote ungeelemea njia moja, na majirani walioungwa kwenye njia hiyo ndio ambao taa zao zingefifia.

Naomba nikawie kidogo kwenye wayaringi, kwa sababu ndiko hatari iliko. Pasi hujizima na kujiwasha, na hita ya kuogea hufanya kazi dakika kumi. Gari huvuta ampea zile zile kwa saa tano au sita bila kupumzika. Nilipofungua meini swichi ya mzee nilikuta skrubu ya nyutro imelegea na plastiki iliyoizunguka imegeuka rangi ya kahawia. Kwa matumizi ya kawaida ingeweza kuvumilia miaka mingi, lakini kwa gari nisingeipa wiki. Tena eathi iwe nzima, na kikata umeme cha kuzuia mtu asipigwe shoti kiwe cha aina inayohisi pia uvujaji wa umeme mnyoofu (DC, kama wa betri) kutoka kwenye gari, kwani cha kawaida kinaweza kupumbazwa na uvujaji huo kikashindwa kukata.

Anayetaka kufungua kituo cha biashara ajue kwamba wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti pekee, bali hulipia pia kiwango cha juu cha kVA walichofikia katika mwezi. Chaja ya kilowati 50 iliyo katika kundi hilo, hata mwezi ikihudumia magari machache, italipia kilele chake kana kwamba ilifanya kazi kila siku. Kwetu sisi wa LUKU za nyumbani, kwa upande mwingine, uniti ya saa mbili usiku na ya saa nane usiku zina bei moja. Uingereza wana bei nafuu ya usiku tangu miaka ya 1970. Kwa maoni yangu, bei ya namna hiyo hapa ingeokoa transfoma nyingi kuliko semina zozote za kuhamasisha watu.

Mwishowe tulikubaliana tufunge chaja moja, tuibane isivuke ampea 16, na ianze kazi saa tano usiku. Ya pili ingoje mpaka transfoma ipimwe mzigo wake. Nilipopita kwake Jumamosi, gari lilikuwa limejaa tangu alfajiri, na boksi la chaja ya pili lilikuwa bado sebuleni, limewekewa feni juu yake.