Kutoka Moshi hadi kaburi la Voi

Tulitoka Moshi alfajiri, mimi na baba mdogo, tukapanda Hiace ya Holili. Alikuwa amevaa koti lake la kijani, lile analovaa misibani. Baba mdogo alipigana vita vya Kagera akiwa kijana. Nilipomwambia nakwenda Voi, Kenya, kuona kaburi la askari aliyepewa nishani ya ushujaa, hakuuliza ni wa jeshi gani. Aliuliza, "Alifanya nini?"

Mpakani hatukukawia. Baada ya Taveta nikageuka kuutazama mlima Kilimanjaro na kuukuta umebadilika: kilele cha Mawenzi kiko mbele, Kibo kimejificha nyuma yake. Kwa sisi tuliokulia Moshi inatia uchungu kidogo, kama kumwona mzazi wako kwa macho ya jirani.

Barabara hii yote ilikuwa uwanja wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka upande wetu, wakati huo koloni lao, wakaiteka Taveta, wakaishikilia hadi Machi 1916. Mwaka 1915 Waingereza nao wakatandaza reli kutoka Voi kuelekea kwetu, maana nyika hii ni kavu na jeshi bila maji haliendi popote. Reli hiyo bado ipo kando ya lami, imezama kwenye majani.

Maktau tulishuka. Vumbi jekundu, miiba, upepo. Hapo ndipo nilipomsimulia.

Luteni Wilbur Dartnell alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1885, na aliwahi kuwa mwigizaji wa jukwaani. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na hapa Maktau, kikosi chake cha wapanda farasi kilipambana na adui, naye adui akasogea karibu mno hata majeruhi mahututi wakashindwa kuondolewa. Yeye alikuwa amepigwa risasi mguuni na tayari alikuwa amebebwa. Alipoona wenzake wanabaki, akashikilia naye aachwe, akitumaini kwamba akiwa nao huenda wakapona. Aliuawa hapo, ana miaka 30. Waingereza wakampa Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa mbele ya adui.

Baba mdogo alikaa juu ya jiwe.

"Majeruhi mmoja anakula watu wanne," akasema. "Wanne wa kumbeba, na wanaombeba hawapigi risasi. Huyo alijua hesabu hiyo."

Nikamweleza na lile linalonisumbua. Tangazo la nishani linasema Dartnell alijua kwamba askari weusi wa adui walikuwa wakiwaua majeruhi. Hao ni watu wa upande wetu, waliovaa sare ya Mjerumani. Tangazo linawataja kwa rangi, basi. Ushujaa wa Dartnell naukubali kwa moyo wote, lakini sikuweza kuipita sentensi ile bila kusimama.

"Kwenye vita kila upande una ya kuficha," baba mdogo alijibu, akainuka.

Voi tulifika jua likiwa utosini. Makaburi ya vita ni safi, mawe yamepangwa kama gwaride. Baba mdogo alisimama mbele ya jiwe la Dartnell, akavua kofia, akatamka jina lake polepole. Kisha akapita mstari kwa mstari akisoma majina mengine, mpaka mwisho.

Nilimkumbusha Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ambako wapagazi wa vita ile wanakumbukwa kama miguu na mikono ya jeshi. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na magonjwa, wengi bila hata jiwe.

Akarudi kwenye kaburi la Dartnell, akachuchumaa, akang'oa jani moja lililoota pembeni.

"Na wale waliokuwa wamembeba," akauliza, "wakamtua chini alipowaambia. Wao waliitwa nani?"