Tafakari ya wiki: Jenerali Ogolla na neno aliloambiwa Hezekia

Somo: Isaya 38:1–8 na 39:1–8

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, alasiri, helikopta ya jeshi ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi baada ya kuruka kutoka shule ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Ndani yake alikuwemo Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla. Watu kumi walifariki, wawili wakanusurika. Kufika Jumapili tarehe 21 jenerali alikuwa ameshazikwa kwao Alego, Siaya, tena bila jeneza.

Hilo la jeneza ndilo lililozungumzwa sana, kwenye matatu na hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu mkubwa kiasi hicho, mizinga imepigwa, Rais mwenyewe yupo, halafu anazikwa hivyo? Familia ikaeleza kwamba ni yeye aliyeagiza akiwa hai: nikifa nizikwe ndani ya saa 72, na jeneza msininunulie. Wanaojua mazishi ya upande wa Nyanza wanaelewa uzito wa agizo hilo. Mazishi ya mzee mwenye jina yanaweza kuchukua wiki kadhaa, na hakuna ndugu ambaye angethubutu kuyafupisha kwa kauli yake mwenyewe. Ilibidi marehemu aseme.

Nikamkumbuka Hezekia, mfalme wa Yuda. Naye alikuwa na majeshi, na katika siku zake Waashuri waliitishia Yerusalemu. Siku aliyougua, nabii Isaya alimwendea na neno fupi: "Tengeneza mambo ya nyumba yako, maana utakufa, wala hutapona." Mfalme akageukia ukutani, akaomba, akalia sana. Mungu akamwongezea miaka 15.

Kwa kawaida tunaishia hapo, tunasema amina, tunaombea wagonjwa. Sura ya 39 huwa hatuisomi. Wanakuja wajumbe kutoka Babeli na zawadi, na Hezekia anawatembeza: fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, hadi nyumba ya silaha. Isaya anarudi na kumwambia kwamba vyote hivyo vitabebwa kupelekwa Babeli, na katika wanawe wengine watakuwa matowashi huko. Jibu la Hezekia kila nikilisoma linanikera. Anasema neno hilo ni jema, kwa kuwa amani itakuwapo katika siku zake yeye. Za watoto, shauri yao! Na Manase, aliyemrithi, alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 12, yaani alizaliwa ndani ya ile miaka ya nyongeza. Someni 2 Wafalme 21 mwone alichofanya na nyumba ya Bwana. Hezekia aliambiwa waziwazi atengeneze mambo ya nyumba yake, akapewa na muda wa kutosha, lakini Maandiko hayatuonyeshi kwamba aliyatengeneza.

Ogolla hakutumiwa nabii. Alhamisi ile alikuwa kazini. Alikwenda kuwaona askari wanaopambana na majangili wa mifugo Bonde la Ufa Kaskazini, na kukagua ukarabati wa shule zilizoharibiwa na ukosefu huo wa usalama. Aliingia jeshini tarehe 24 Aprili 1984, kwa hiyo zilikuwa zimebaki siku sita atimize miaka 40. Alikuwa rubani wa ndege za kivita, akafunzwa na Jeshi la Anga la Marekani, akawa mkufunzi wa marubani wenzake, akaongoza kambi ya Laikipia, na mwaka 2018 akawa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Katikati ya hayo alirudi darasani, Egerton na Chuo Kikuu cha Nairobi. Aprili 2023 akakabidhiwa majeshi yote, ingawa jina lake lilikuwa limetajwa katika vuta nikuvute ya Bomas, kituo cha kujumlishia kura za urais, baada ya uchaguzi wa 2022. Rais Ruto alisema hadharani kwamba hilo alilijua, akamteua kwa kuwa rekodi yake ya kazi ilimshinda kila mtu. (Hapo pana tafakari nyingine kabisa, tuiache kwa leo.)

Mtu mwenye shughuli nyingi hivyo alikaa chini, akafikiria mwili wake mwenyewe ukiwa umelala, akawaambia watu wake la kufanya. Mimi hili linanigusa kuliko nishani zake zote.

Nimekaa kwenye kamati za mazishi, nanyi pia mmekaa. Karatasi inazungushwa: jeneza, hema, viti mia tano, spika, gari la maiti, ng'ombe wawili, fulana zenye picha ya marehemu. Mochari inahesabu kila siku. Mjane amekaa kwenye kona na leso yake, na hakuna anayemuuliza kitu, kwa sababu shemeji wawili wanabishana kuhusu aina ya mbao. Mwisho wa mwezi watoto wanarudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Ubishi ule wote ungekatwa na sentensi mbili za marehemu, lakini marehemu hakuziacha, maana nyumbani kwetu anayetaja kifo chake anaambiwa anajitabiria.

Sisemi jeneza ni dhambi. Yusufu aliwekwa ndani ya jeneza kule Misri, na kabla ya hapo alikuwa amewaapisha ndugu zake kuhusu mifupa yake (Mwanzo 50:25). Naye pia alisema mapema. Kama unataka jeneza la mvule na bendi, sema, na uonyeshe fedha itakapotoka. Na ukiona vigumu kuyasema haya, lia kwanza kama Hezekia, hakuna aliyemkemea kwa machozi yake.

Wiki hii, kila mwenye nyumba achukue karatasi moja. Aandike azikwe wapi na baada ya muda gani, hati ya shamba iko wapi, anamdai nani na nani anamdai. Asomewe mke au mume, na mtu mmoja zaidi, kisha itiwe sahihi. Mambo ya mali yanahitaji wosia wa kisheria wenye mashahidi, kwa hiyo Jumatano baada ya maombi tutabaki kidogo na wakili. Njooni na kalamu.