Siku moja na turbini yangu: nusu ya mto imepotelea kwenye bomba

Saa 12:15 asubuhi. Hata uso sijanawa, naitazama mita ya turbini, mashine niliyoiunga mwenyewe izungushwe na maji ya mto na kuchaji betri. Ampea 4. Jana jioni, tulipofungulia maji mara ya kwanza, ilikuwa 4 hiyo hiyo, nikajidanganya kwamba giza ndilo lililonifanya nisome vibaya. Kwa volti 13.8 za betri, hizo ni wati 55 tu. Hesabu zangu ziliahidi karibu mara tatu ya hapo.

Saa 1:00. Napanda hadi kwenye banio, pale maji ya mto yanapozuiwa na kuingizwa kwenye bomba, kupima upya, maana mwenye kosa huenda ni mimi. Maji ninayoyachepusha yanajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 5, yaani lita 4 kila sekunde. Mengine nayaacha yashuke na njia yake, samaki nao wana haki yao. Kutoka banioni hadi kwenye turbini ni mteremko wa mita 12, niliopima kwa mpira mwangavu uliojazwa maji, ule wa waashi. Zidisha 4 kwa 12 kwa 9.81, ile ya mvutano wa dunia, unapata wati 471. Kwa mashine ya kuunga mwenyewe, theluthi moja ikifika kwenye betri nashukuru.

Saa 2:30. Nimerudi chini kwenye geji, kipimo cha shinikizo la maji ndani ya bomba. Koki ikiwa imefungwa, inasoma baa 1.2, sawasawa na mita zangu 12. Naifungua, sindano inaanguka hadi 0.6. Ina maana nusu ya mteremko inaishia njiani. Laiti ningeiweka hiyo geji tangu mwanzo! Wiki tatu nzima nilizimaliza kwenye mota ya kuzalishia umeme niliyoitoa kwenye mashine ya kufulia iliyokufa, sumaku zake, daiodi zake, vikombe 16 vya gurudumu nilivyovichonga kimoja kimoja, na bomba nikalitengea asubuhi moja tu.

Saa 3:00 mpaka saa 7:00. Natembea na bomba, sikio chini. Ni la milimita 75, urefu wa mita 60. Msuguano peke yake ungekula mita moja na kitu ya mteremko. Penye mwamba tulilipandisha kidogo ili tusichimbe, na hapo nasikia mkoromo. Hewa. Imekaa kwenye nundu kama kizibo, maji yanapenya chini yake kwa shida.

Namtuma mdogo wangu juu aangalie inakoingilia.

"Kaka, hapa maji yanazunguka kama kwenye sinki!"

Kumbe mdomo wa bomba uko karibu mno na uso wa maji, unafyonza hewa bila kukoma. Tunaushusha kina cha mikono miwili, na penye nundu natoboa bomba na kufunga kikoki cha kutolea hewa. Kuchimba mwamba tumeshindwa, sifichi.

Saa 8:10. Nafungulia koki polepole. Ukiifunga au kuifungua kwa pupa, maji yenye kasi hugonga bomba kama nyundo na kuachanisha viungo. Kikoki kinapuliza, kinatema, kisha kinatoa maji matupu. Geji: 1.05. Ampea: 11.

Saa 9:00. Nikiwa bado nacheka, waya mmoja unachomoka na turbini inaanza kulia kama nzi mkubwa. Isipokuwa na mzigo, kasi yake hukaribia maradufu. Kutoka mizunguko kama 700 kwa dakika huelekea 1,400. Paneli ya jua unaweza kuichomoa na isikudhuru. Turbini haitaki hivyo. Ndiyo maana kidhibiti changu, betri ikijaa, huhamishia umeme kwenye kipasha maji badala ya kuukata. Nafunga koki, nakaza waya kwa skrubu safari hii.

Saa 12:30 jioni. Ampea 11 zimesimama. Wati 150 ni kidogo ukizitazama kwa jicho la haraka, ila hazilali: kwa saa 24 ni yuniti 3.6.

Saa 4:20 usiku. Ampea 9. Saa 4:40, ampea 7. Upepo umevuma, na najua majani yamejaa kwenye chujio la kule banioni. Natafuta tochi na buti.