Skrini ya Ami na namba ya baiti mbili

Siku tisa mfululizo, skrini ya dukani kwa Ami iliganda saa sita na dakika ishirini za mchana. Haikuwa saa sita na robo wala saa sita na nusu. Ilikuwa dakika ishirini, wakati watu wanaanza kutazama saa wakingoja adhana ya adhuhuri.

Ami anauza leso Biashara Street. Skrini ameitundika juu ya kaunta, nayo huonyesha leso moja baada ya nyingine: picha, bei, na jina la leso likitembea chini polepole. Wema hauozi. Mgeni njoo mwenyeji apone. Wanawake wanaongoja kufungiwa mizigo huyasoma majina kwa sauti, wakaulizana hili litamfaa nani, na mara nyingi leso iliyosomwa ndiyo inayonunuliwa. Skrini ikiganda hubaki jina moja lililokatika katikati, mpaka kijana wa dukani apande kiti achomoe waya.

"Mwanangu, ni joto hilo," Ami aliniambia kwa simu. "Saa hiyo jua liko utosini." Kijana wa dukani alishikilia kuwa ni stima, kwamba mchana haina nguvu. Mimi nilikuwa upande wa joto, maana nyuma ya skrini ile kuna kompyuta ndogo, Raspberry Pi, ndani ya kijisanduku cha plastiki kisicho na feni, na Machi ya Mombasa kila mtu anaijua. Nikanunua feni ndogo, nikaifunga. Kesho yake saa sita na dakika ishirini ikaganda, na kile kisanduku nikikigusa ni baridi.

Programu ya leso aliiandika mwanawe Ami kabla hajaenda kusoma Nairobi. Lakini kazi ya kuzungumza na seva ya skrini, yaani ile programu ya mfumo uitwao X inayochora kwenye skrini, haifanywi na programu yake. Inafanywa na maktaba ndogo, yaani msimbo wa lugha ya C ambao programu nyingine huutumia, ninayoitunza mimi, msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Sikuianza mimi. Aliyeianza alichoka, akauliza kama kuna mtu wa kuichukua, nami nilikuwa nimeshamtumia marekebisho mawili matatu, nikasema nitaichukua. Maktaba kubwa za kazi hiyo zipo: Xlib, ambayo ina umri kunizidi, na XCB iliyoanza mwaka 2001. Hii yangu ni ya vifaa vidogo vinavyoonyesha jambo moja tu kutwa nzima, kama mbao za bei na skrini za foleni. Kwa hiyo simu ya Ami ilinikaa moyoni. Kama kosa ni la maktaba, haliko kwake peke yake.

Kilichonifungua macho ni stima kupotea. Jumatano ilikatika asubuhi, ikarudi saa tano kamili. Siku hiyo saa sita na dakika ishirini ikapita salama, leso zikaendelea kupita, Ami akanipigia kunishukuru. Saa nane na dakika ishirini akanipigia tena: imeganda.

Basi si jua. Kutoka saa tatu asubuhi anapofungua duka hadi ile saa sita na dakika ishirini ni muda wa saa tatu na dakika ishirini. Kutoka saa tano hadi saa nane na dakika ishirini ni muda uleule. Skrini ilikuwa ikihesabu tangu ilipowashwa, na hesabu ikifika mahali fulani inakwama. Sekunde 12,000. Nikamuuliza Ami leso ziko ngapi kwenye skrini. "Zilikuwa 300. Mzigo mpya ulipoingia tukaongeza, sasa ni 400." Kila leso hukaa sekunde 30. Mara 400, ni 12,000. Skrini ilikuwa ikiganda pale inapomaliza mzunguko wa kwanza, na ilianza tabia hiyo leso zilipoongezwa.

Hapa lazima nieleze kidogo X inavyofanya kazi, maana kosa lenyewe lina uzuri wake. Mfumo huu ulianza MIT mwaka 1984, na itifaki yake, yaani kanuni za mazungumzo, tunayoitumia mpaka leo, X11, ni ya Septemba 1987. Seva ndiyo yenye skrini. Programu ni mteja, nayo hutuma maombi: paka rangi hapa, andika maneno haya, nakili kipande hiki. Maombi mengi hayana jibu, na hiyo ndiyo siri ya wepesi wake, kwani mteja hasimami kungoja. Machache tu ndiyo yanayojibiwa, kwa mfano ukiuliza upana na urefu wa dirisha.

Sasa, jibu likija, mteja atajuaje ni la ombi lipi? Ombi halibebi namba yake ya mfululizo. Seva inahesabu upande wake na mteja anahesabu upande wake, kila mmoja kimya kimya: la kwanza, la pili, la tatu. Jibu linaporudi, baiti yake ya tatu na ya nne ndizo zinazosema ni la ombi la ngapi. Matukio na makosa nayo hubeba namba hiyohiyo, isipokuwa tukio moja tu, KeymapNotify. Na baiti mbili zinabeba mwisho 65,535. Ombi linalofuata, namba inarudi sifuri.

Bibi yangu alikuwa na tasbihi ya punje 33. Tuseme yeye yuko chumba cha ndani na mimi niko barazani, kila mmoja na tasbihi yake, tunakwenda pamoja. Akiniambia "niko punje ya tano," nitajua ni ya tano ya mzunguko gani, mradi kila mzunguko nimsikie japo mara moja. Akinyamaza mzunguko mzima na nusu, kisha akasema "punje ya tano," nitampa mzunguko usio wake. Tasbihi ya X11 ina punje 65,536.

Maktaba yangu ilikuwa ikifanya hivyohivyo. Inashika namba kamili ya mwisho iliyosikia kutoka kwa seva. Namba fupi ikija, ikiwa kubwa kuliko ya mwisho, inasema tuko mzunguko uleule. Ikiwa ndogo, inaongeza mzunguko mmoja. Programu ya leso hulisogeza jina mara mbili kwa sekunde, na kila mara ni maombi matatu: kufuta, kuandika, kunakili. Sita kwa sekunde. Kwa leso 300, mzunguko ni sekunde 9,000, maombi 54,000 bila kuhesabu picha zenyewe. Haijafika 65,536. Mwisho wa mzunguko programu huuliza ukubwa wa dirisha kabla ya kuanza upya, jibu linakuja, hesabu inanyooka. Kwa leso 400 ni maombi 72,000. Seva inajibu ombi la 72,000 kwa kuandika 6,464, kwa sababu ndicho kinachobaki ukitoa mzunguko mmoja. Maktaba, ambayo mara ya mwisho ilisikia kitu asubuhi ombi la kumi na kitu, inaona 6,464 ni kubwa kuliko kumi na kitu, inasema hili ni jibu la ombi la 6,464. Hakuna anayelingojea hilo. Inalitupa. Kisha inakaa kungoja jibu la 72,000, na itangoja mpaka kijana achomoe waya.

Hesabu hiyo niliifanya usiku nyumbani Kibokoni, kwa kalamu, nyuma ya risiti ya feni. Nilipoona 6,464 nilisimama.

Lakini nilikuwa na swali moja ambalo halikuniacha nilale. Maktaba hii ina miaka, na watu wanaitumia kwenye skrini zinazokaa miezi bila kuzimwa. Kwa nini hili halikuonekana zamani? Nikaandika jaribio fupi: washa seva ya Xvfb isiyo na skrini halisi, fanya nakala 70,000 mfululizo kama programu ya leso inavyofanya, kisha uliza swali moja lenye jibu. Linaganda. Nikaanza kurudi nyuma kwenye historia ya Git, chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo, toleo kwa toleo, nikigawa katikati kila mara. Nikafika kwenye badiliko moja. Kabla yake, jaribio linapita. Baada yake, linaganda. Mwandishi wa badiliko ni mimi.

Nilikumbuka siku niliyoliandika. Katika X11, ukinakili kipande kutoka mahali pamoja hadi pengine, seva kwa kawaida hukuletea tukio linaloitwa NoExpose, kukuambia kwamba kila kitu kilinakiliwa sawasawa, hakuna sehemu iliyokosekana. Kwa programu ya leso, hilo ni kuamshwa mara mbili kila sekunde kuambiwa hakuna jambo. Niliona ni upotevu, hasa kwa vifaa vidogo, nikalizima kwenye mpangilio wa kuchorea. Sababu yangu ilikuwa nzuri na nisingeirudisha nyuma hata leo. Kile ambacho sikukiona ni kwamba yale matukio tuliyokuwa tukiyatupa, kila moja lilibeba namba ya mfululizo. Ndiyo yaliyokuwa yakiniambia kila nusu sekunde mwenzangu yuko punje ya ngapi. Kosa la kuhesabu lilikuwamo tangu siku ya kwanza ya maktaba. Nilipoinyamazisha seva ndipo likapata nafasi ya kutokea, na hata hapo lilingoja leso 100 zaidi.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Xlib na XCB zote mbili huhesabu maombi yaliyokwenda bila kusikia kitu, na yakikaribia kujaza mzunguko, huchomeka ombi dogo lenye jibu, GetInputFocus, namba 43 katika itifaki. Ni swali jepesi: kibodi sasa inaelekea dirisha gani? Jibu halina kazi, linatupwa. Kinachotakiwa ni zile baiti mbili. Msimbo huo niliwahi kuupitia kwenye Xlib nilipokuwa najifunza, nikaona ombi lisilo na maana limekaa katikati ya kazi nyingine, nikalipita. Siku hizi nikikuta mstari wa zamani nisiouelewa kwenye msimbo wa wakongwe, naukalia mpaka unieleze umekuja kufanya nini.

Kwangu nimeweka kikomo cha 60,000 badala ya kusogea hadi ukingoni, kwa sababu maombi hukusanyika kwenye bafa, hifadhi ya muda, kabla ya kuondoka, na sitaki hesabu ivuke wakati ombi la kuuliza bado liko kwenye foleni. Mabadiliko yote hayafiki mistari 20. Jaribio la 70,000 limebaki ndani ya maktaba, nalo huendeshwa kila mtu anapoleta badiliko. Linachukua sekunde chache.

Nilipokuwa humo ndani nikatazama na jambo jingine lililokuwa likinisumbua tangu Oktoba 2023. Wakati huo libX11, ndiyo ile Xlib, ilitoa toleo 1.8.7 kuziba makosa ya usalama, mawili kati yake yakiwa yameingia na X11R2, toleo la pili la X11, la Februari 1988. Miaka 35 msimbo ule ulisomwa na watu walionizidi ujuzi. Moja lilikuwa la kuzidisha ukubwa wa picha mpaka namba inafurika, kisha kumbukumbu inayotengwa inakuwa ndogo kuliko picha. Nami ninayo kazi inayozidisha upana kwa urefu, na haikuwa na ulinzi wowote. Sasa inao.

Wapo wanaoniandikia kwamba niiache X, nihamie Wayland, mfumo mpya zaidi wa kazi hiyohiyo, na huenda siku moja nitaandika maktaba ya upande huo. Kule hakuna tasbihi hii. Kila ujumbe hutaja kitu unachokihusu na urefu wake. Lakini kule nako kuna mambo ya kuangalia. Bafa ya mawasiliano ilikuwa na ukubwa usiobadilika wa baiti 4,096, na programu iliyochelewa kusoma huku panya wa kasi akimimina matukio iliweza kukatwa muunganisho. Uwezo wa kuipanua ulikuja na toleo 1.23 la mwaka 2024. Kwa sasa skrini ya Ami inatumia X, na ya Ami ndiyo niliyoshika.

Jumamosi nilikwenda dukani na toleo jipya, nikaliweka kabla hajafungua mlango. Saa sita na dakika kumi na tano nilikuwa nimekaa kwenye gunia la leso, macho juu. Ami naye akaacha kukunja, akaja akasimama kando yangu. Leso ya 398. Ya 399. Ya 400, jina likatembea lote mpaka likaisha. Skrini ikawa nyeupe kwa kitambo kidogo, nikahisi moyo wangu, kisha ikatokea leso ya kwanza, nyekundu na nyeupe, na Wema hauozi ikaanza kuingia kutoka kulia.

"Alhamdulillahi," Ami akasema, akaenda kutawadha.

Toleo nimelitoa Jumapili usiku. Kama programu yako inachora muda mrefu bila kupokea chochote kutoka kwa seva, tafadhali sasisha, na kama iliwahi kuganda baada ya muda uleule kila mara, niandikie uniambie ni muda gani na inatuma maombi mangapi kwa sekunde. Ami ameshaniambia mzigo mwingine unaingia mwezi ujao, leso 70. Nimeipiga hesabu: 84,600 kwa mzunguko, bila picha.