Wanaocheka ni Akina Nani?

Juma hili dada yangu ameposwa, mahari imejadiliwa hadi usiku mkubwa, na kazini nimeongezewa mkataba wa mwaka mzima. Lakini kila ninapokaa kuandika, kinachonijia ni swali la Baba Mdogo. Baba Mdogo wangu huyu ni mkulima wa alizeti wa Mpwapwa. Alikuja Dodoma kusimamia upande wetu katika posa, akalala hapa kwetu Nkuhungu, na wageni walipokwisha kuondoka alinikuta sebuleni natazama Red Dwarf, ile tamthilia ya vichekesho ya Waingereza waliopotea angani, ambayo bila shaka nimewachosha nayo. Akaketi, akataka nimtafsirie kama walivyokuwa wakitafsiriwa filamu katika vibanda umiza vya ujana wake.

Nikamweleza kwa kifupi. Chombo ni cha uchimbaji madini. Mionzi ilivuja ikawaua wafanyakazi wote isipokuwa Lister, kibarua wa cheo cha chini kabisa, ambaye wakati huo alikuwa amefungiwa kwa adhabu ndani ya chumba kinachosimamisha muda. Anatolewa baada ya miaka milioni 3, akiwa binadamu wa mwisho, na wenzake ni kompyuta ya chombo, kiumbe aliyetokana na uzao wa paka wake, baadaye roboti mmoja, na Rimmer, bosi wake marehemu, aliyerudishwa kama hologramu, taswira ya mwanga isiyoweza kushika hata kijiko. Lister akasema neno, kicheko cha watu wasioonekana kikalipuka kwenye kipindi. Baba Mdogo hakucheka.

"Umesema binadamu wamekwisha wote?"

"Wamekwisha, Baba. Amebaki huyu mmoja."

"Sasa hao wanaocheka ni akina nani?"

Nikamwambia kwamba ni watazamaji walioketi studio siku ya kurekodi. Akanyamaza kidogo. "Basi hakubaki peke yake," akasema, kisha akaaga akaenda kulala.

Mazungumzo hayo nimeyarudia kichwani nikiwa kwenye daladala, nikiwa jikoni, na hata mbele ya washenga, walipokuwa wakitaja idadi ya ng'ombe nami nikawa napima sauti ya yale maneno ya mwisho, kama yalikuwa ya dhihaka, ya huruma kwa Lister, au ya mtu mwenye usingizi tu. Kilichonichoma ni kwamba swali la sauti liliulizwa na mkulima wa alizeti, na pembeni yake nimeketi mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuchuja upepo wa Dodoma katika rekodi za kwaya na harusi.

Jibu nililompa lilikuwa sahihi, tena nilikuwa na mengine ya kuongeza kama angesubiri. Tamthilia hiyo ya Rob Grant na Doug Naylor ilianza kurushwa BBC2 tarehe 15 Februari 1988, baada ya kucheleweshwa na mgomo wa mafundi umeme wa BBC, na misimu yake mitatu ya kwanza ilirekodiwa Manchester mbele ya hadhira. Picha za chombo kikielea gizani zilipigwa kando kwa vielelezo vidogo vya kuundwa kwa mkono, lakini maneno yalisemwa mbele ya watu, na mtu aliyezoea kusikiliza hulisikia jambo hilo mara moja. Craig Charles, aliyeigiza Lister, hushikilia sentensi inayofuata mpaka kicheko kianze kushuka. Akiwahi, neno linamezwa, akichelewa, utani umepoa. Maana yake ni kwamba mwendo wa kipindi kizima uliamuliwa na watu wasioonekana, na upweke wa binadamu wa mwisho ulipimwa kwa pumzi za umati wa Manchester. Kwa hesabu hiyo Baba Mdogo alikuwa na haki, na haki yake ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi.

Jumamosi, vyombo vya wageni vilipokwisha kuoshwa, nilifungua kipindi kiitwacho "Bodyswap", kilichorushwa tarehe 5 Desemba 1989, na nilikifungua kwa kinyongo. Humo Rimmer, asiye na mwili, anaazima mwili wa Lister kwa ahadi ya kuupunguza unene, halafu anaanza kuushindilia vyakula. Ili ubadilishanaji huo uaminike, mwili ulipaswa kuwa wa mwigizaji mmoja na sauti ya mwingine: Charles anakula kwa pupa mbele ya kamera, na sauti inayotoka katika kinywa hicho kilichojaa ni ya Chris Barrie, aliyeigiza Rimmer, iliyopachikwa baadaye. Mimi niliyewahi kupachika sauti juu ya midomo ya watu najua adha yake, kwa sababu maneno yanaweza kulingana na midomo, lakini pumzi ya mtu mmoja haikubali kwa urahisi kukaa katika kifua cha mwingine. Kwa ajili ya kazi hiyo ya kupachika, hadhira haikuitwa. Kipindi kilirekodiwa bila watazamaji, kisha kilipokamilika watu wakaonyeshwa, na kicheko chao ndicho kilichonaswa na kuwekwa.

Hapo nikacheka peke yangu sebuleni mpaka Mama akauliza kulikoni. Walipokuwa wakirekodi, Lister hakuwa na mtu wa kumcheka wala wa kumsubiri. Ilibidi waigizaji waache nafasi kwa kukisia, wakiviamini vicheko ambavyo havijazaliwa. Nadhani ni kazi ngumu kuliko ile ya kuigiza ndani ya barakoa ya Kryten, yule roboti, ambayo ndiyo husifiwa siku zote. Mwaka 1997, katika msimu wa saba, walifanya hivyo kwa vipindi vyote, na sikio langu haliupendi msimu huo, kwa kuwa waigizaji wanasema kana kwamba hawamsubiri yeyote. Mwaka 1999 hadhira ilirudishwa, nami naamini ilirudishwa kwa sababu njema.

Jumapili nikampigia Baba Mdogo, ambaye alikwisha kurudi Mpwapwa, nikamsimulia yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si desturi yake kwenye simu.

"Na hao waliocheka baadaye," akauliza, "walilipwa?"

Nikamwambia kwamba BBC hutoa tiketi za watazamaji bure, haimlipi mtu kwa kucheka.

"Basi walicheka kweli," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu posa nikamsikia anacheka, kwa muda mrefu, huku salio langu likiteketea.

Kabla ya kukata simu aliniuliza habari za jicho la Mama. Hata yeye aliona, siku ile ya washenga, jinsi chai ilivyomiminwa nje ya kikombe na kila mtu akajifanya anatazama kwingine. Jicho la kushoto limeanza kuwa na ukungu, na Mama anasema hospitali hataenda mpaka zabibu za Hombolo zivunwe. Nimemwomba dada aseme naye, kwa kuwa bibi harusi mtarajiwa hakataliwi neno siku hizi, lakini dada naye hashikiki, kila nikimtafuta yuko kwa fundi wa nguo.